Muchele wa Zaka

Alunguli, Kindu, Jumanne baada ya sala ya alasiri

Kwa mujukuu wangu Hamisi, bwana yangu mudogo,

Asalamu aleikum. Barua hii ikukute ukiwa muzima huko Kisangani, na akili yako ikiwa imetulia. Kifua kimepona? Uliondoka hapa ukikohoa kama muchimbaji wa Kampene, na dawa yangu ulikataa kunywa kwa sababu ni kali. Unakula vizuri? Jamila, muke wako, anasema asubuhi unakula mukate na chai, jioni mukate na chai, kama vile Kisangani nzima haina mwanamuke anayesonga bugali. Muntu anafundisha uchumi miaka yote hii, lakini tumbo lake mwenyewe halijui kulitunza. Aibu.

Mimi niko, namna ile nyumba ya zamani iko: inasimama, lakini usiiegemee. Magoti yamekataa kuinama, nasali nimekaa kwenye kiti. Macho bado yananisaidia muchana. Watoto wako wanasoma wote, yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na anajisifu nayo. Jamila anakuja kila siku, anafagia, anapika. Chumvi tu njo anaiogopa. Mvua ilichukua bati moja la jikoni, jirani alilirudisha, hatuna neno.

Usishituke kuona barua. Simu iko, najua, wewe mwenyewe ulininunulia. Lakini kwa simu unanikatiza. Nikianza tu, unasema, "Bibi, tutaongea nikirudi, niko kwenye mukutano." Barua haikatizwi. Hii nimeiandika siku ine, kwa mukono wangu, na masomo yangu unayajua: chuo cha Kurani mupaka juzuu ya pili, na miaka miwili kwa masista walikotufundisha kushona na kuandika majina yetu. Ukiona makosa usichukue biki nyekundu. Mimi si mwanafunzi wako.

Habari yenyewe njo hii. Alhamisi iliyopita magari mawili ya lile shirika la kugawa chakula yalivuka mto na pontoni, yakaja kusimama mbele ya uzio wa lupango langu. Alikuwemo asistanti wako Rémy, na mama moja mwenye miwani, na kijana wa kupiga picha. Niliwapa kahawa. Yule mama alizungumza vizuri, sina la kumulaumu. Alisema watu waliokimbia kutoka Kabambare sasa wamejaa hapa Alunguli, kila avenue ina nyumba zao, wengine wamepangishiwa vyumba vya nyuma, wengine wanalala kwenye madarasa. Alisema muchele utakuja, na mbegu, na sabuni. Na safari hii hawataugawa wao wenyewe. Wataugawa wanawake wa kila avenue, kwa komite, namna sisi tulivyofanya na sufuria yetu wakati wa vita. Wamesoma kitabu chako, alisema. Kitabu kinaonyesha kwamba wanawake wa avenue wakiachiwa chakula hawasahau muntu. Jumamosi ya wiki ijayo, ukiwa umerudi, wataweka kiti mbele ya hangari ya musikiti, lile banda la wazi, mimi nikalie, nifundishe komite zote.

Rémy alikuwa anacheka kwa furaha kama ameoa. Walinipiga picha. Mimi nikakusanya vikombe vya kahawa.

Sasa niache niseme kazi yako namna mimi nilivyoiona, maana hao wanaokusifu leo hawakukuona ukianza. Nakumbuka ulipofika mwisho wa masomo, mwalimu wako mukubwa alitaka uandike memwari, lile andiko la kumalizia masomo, juu ya mabanki ya Kinshasa. Ulikataa. Ulirudi nyumbani umekasirika, ukaniambia kwamba banki hujawahi kuingia hata moja, lakini njaa ya vita unaijua, na uchumi ni namna watu wanavyokula wakati hakuna cha kula. Nilikuona mujinga. Nilisema andika mabanki upate kazi. Hukusikia. Ukachukua daftari ukaanza na mimi, kisha wanawake wengine wa sufuria, nyumba kwa nyumba.

Inivesite ikakupa kazi ya asistanti, mushahara haukuja mupaka ukawa unavaa viatu vya marehemu babu yako. Na bado kila mwaka ulivuka mto na wanafunzi wako, ukawaleta kwetu. Sheria yako ilikuwa kwamba hakuna kufungua daftari kabla hawajatwanga mupunga asubuhi nzima. Walikuja wale vijana wa mujini na viatu vyenye ncha, wanashika muchi kama wanashika nyoka. Wanawake walicheka mupaka wakakaa chini. Walikuwa wanakuuliza, "Profesa, hawa njo watakuja kutawala inchi? Mupunga wenyewe unawashinda!" Na wewe ulikuwa unatwanga nao, jasho linakutoka, huku unawaeleza kwamba muntu akichoka na wewe atakuambia ukweli, asipochoka na wewe atakuambia unachotaka kusikia.

Ulitembea. Pangi, Kampene kwa wachimbaji, mupaka Obokote kwa miguu wakati daraja lilikuwa limekatika. Ulirudi na malaria, miguu imevimba kama viazi, na daftari limefungwa kwenye plastiki kifuani ili lisilowane, lakini wewe mwenyewe umelowana. Nilikutukana siku ile, unakumbuka? Na kuna jambo moja ambalo sijaona mwingine akilifanya. Wengine wanakuja, wanauliza, wanaondoka, maneno yetu yanakwenda kukaa Kinshasa na Ulaya hatujui yamevaa nguo gani. Wewe kila ukimaliza kuandika ulirudi nayo. Ulikaa kwenye hangari ya musikiti ukasoma yote kwa Kiswahili, polepole, na mwenye kusikia uongo ainue mukono. Kwa hilo ninakuheshimu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Basi, ulipomaliza ile memwari ya kwanza, ulisoma hivi: avenue yetu ilikuwa na nyumba kumi na ine, zote zilikula kwenye sufuria moja kwa miezi mitano, na hakuna nyumba hata moja iliyoachwa nje. Ukauliza nani ana la kusahihisha. Mimi nikasimama, na kilemba changu kipya, nikasema, "Ni kweli. Andika." Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile sufuria imekuwa ndiyo jina lako. Wanafunzi wanaletwa kwangu kila mwaka, na kila mwaka nimeisimulia, na kila mwaka nimeiongeza utamu kidogo. Nimechoka nayo, Hamisi. Hujui namna nimechoka nayo.

Siku ile ya magari, wageni walipoondoka, walikuja wanawake wa komite yetu, saba, wakiongozwa na Francine anayeuza makala ya kupikia. Humujui vizuri, alihamia wakati uko Kisangani. Ni mwanamuke mwema, anafanya kazi, anaosha maiti za watu bila kuitwa mara mbili. Walitaka niwaambie mapema namna tulivyofanya, ili Jumamosi wasionekane wajinga mbele ya avenue nyingine. Kabla sijafungua kinywa, moja akauliza juu ya wale wa Kabambare walioko kwenye vyumba vya nyuma, kama nao wataandikwa kwenye orodha ya avenue. Francine akajibu haraka. Kwanza wenyeji, alisema. Hao hatuwajui. Waume zao wako wapi? Kesho ikisikika kwamba tunalisha wake za watu wa porini, wale wa bunduki, nani atakuja kutuokoa? Wao watapata kwao, mbele huko. Wengine wote wakaitikia. Kisha akanigeukia kwa heshima, amekunja mikono, akaniuliza, "Si ndivyo, Bibi? Si njo namna mulifanya?"

Wote walikuwa wananitazama namna watoto wanavyotazama ubao. Nilisema kichwa kinaniuma. Wakanipa pole, wakaenda.

Kama umesimama, kaa chini.

Nyumba zilikuwa kumi na tano.

Katika lupango la marehemu mwalimu wa chuo cha Kurani, nyuma, kulikuwa na chumba kimoja cha matope. Mwezi wa pili wa mwaka ule wa njaa aliingia humo mwanamuke kutoka upande wa Kampene, jina lake Pélagie, na mutoto moja wa kiume. Alikuja na ndoo na godoro. Mume wake alikuwa muchimbaji, alibaki porini au alikufa porini, yeye mwenyewe hakujua. Wewe wakati ule ulikuwa na miaka kumi na saba, mama yako ameshakufa, na nilikuwa nakufungia musikitini muchana kutwa usome mutihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, ili waaskari wasikuone na kukubebesha mizigo yao. Kwa hiyo hukumuona. Au ulimuona ukasahau, ni kitu kimoja.

Muchele ule wa sufuria, wewe uliandika kwamba ulikuwa "akiba ya wanawake". Haukuwa wa wanawake. Ulikuwa muchele wa zaka, magunia sita, umefungiwa kwenye chumba cha musikiti. Njaa ilipokaza, imamu aliniita akanipa ufunguo pamoja na ile sufuria kubwa ya Maulidi. Aliniambia neno moja: zaka ni ya masikini na ya musafiri, atakayekuja mumupe. Sufuria ile na wewe unaijua. Siku ya Maulidi hata muntu anayepita na baiskeli yake kwenda Kasongo, anaitwa anakula, haulizwi dini wala ukoo. Mimi nilikula kwenye sufuria ile tangu sijaota meno. Hakuna muntu alijua sheria yake kunishinda.

Pélagie alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alileta kifungu cha matembele, maana alisikia kwamba kila nyumba inaleta kitu. Mara ya pili alileta kuni, nzuri, kavu. Mara ya tatu hakuleta kitu, alileta mutoto. Na mara zote tatu ni mimi niliyekuwa nimeshika upawa. Nilimwambia hatumujui. Nilimuuliza mume wake yuko wapi. Nilimwambia tukikulisha wewe, waaskari watasema tunalisha watu wa porini, watatuchoma na nyumba zetu. Maneno yale yale ya Francine, Hamisi, hata sauti ilikuwa moja. Matembele nilipokea, nikayatia kwenye sufuria. Hiyo pia iandike.

Wenzangu walinyamaza. Moja tu alisema tumupe nusu, nikamukemea. Na sasa utasema, Bibi, mulikuwa na hofu, ilikuwa vita. Ndiyo, hofu ilikuwepo. Wanawake wengine walikuwa na hofu kweli. Mimi sikuwa na hofu ya waaskari. Walikuwa wamekwisha kuchukua mbuzi wangu, baiskeli, na mulango wa nyumba. Wangechukua nini tena?

Ukweli ni huu. Kila siku sufuria ilitoa pawa kumi na tano za uji, nilizipima mwenyewe siku ya kwanza. Nyumba kumi na ine, upawa moja moja. Upawa wa kumi na tano nilikupa wewe. Nilikuwa naufunika na sahani, naupeleka musikitini ukiwa unasoma. Nilikuambia ni wa kwangu, kwamba mimi nimeshiba. Ulikuwa mwembamba, Hamisi, ulikuwa unasinzia juu ya kitabu, na mimi niliapa mbele ya kaburi la mama yako kwamba mutoto huyu atapata dipulomu hata kama vita vitakula watu wote. Ulipata. Asilimia sabini na moja. Niliimba barabarani.

Mutoto wa Pélagie alikufa kabla majibu ya mutihani hayajatoka. Sisemi ule uji ungemuponya. Labda ilikuwa malaria, watoto wengi walikufa na malaria mwaka ule na walikuwa wanakula. Sijui. Wewe mwenye hesabu za watu, wewe utajua. Mimi najua tu kwamba alikuja mulangoni kwangu na miguu yake na nikamurudisha.

Wewe hukujua. Nilikupa uji, ukala, ukasoma. Usijipige kifua kwa jambo la mutoto wa miaka kumi na saba. Lakini ulipokuwa muntu muzima wa kuuliza, hapo nina neno na wewe. Uliuliza waliokula. Ulikwenda kwa kila muntu aliyekula ukamuuliza kama alikula! Waliokula watakuambia nini? Na uliposoma kwenye hangari, nani angeinua mukono? Pélagie alikuwa ameshaondoka. Wenye makosa tulikuwa tumekaa mistari ya mbele. Unafundisha wanafunzi kutwanga mupunga, vizuri, lakini hakuna hata moja uliyemufundisha kugonga chumba cha nyuma.

Mimi ningeweza kunyamaza. Wanawake wa sufuria tumebaki wawili, na mwenzangu hajui tena hata jina la binti yake. Ningekalia kile kiti, ningesimulia, ningepigiwa makofi, na mwaka kesho pengine mungenizika na hotuba. Lakini muchele huu unaokuja si hadithi. Ni gunia. Utagawanywa kwa kufuata kitabu chako, na kitabu chako kinasema wanawake wa avenue hawasahau muntu, na mimi nimeshasikia wanawake wa avenue wanasemaje. Kwenye chumba cha nyuma cha Francine mwenyewe kuna mama wa Kabambare na watoto watatu. Nimewaona. Wanaanika matembele kwenye bati.

Kwa hiyo sikia. Najua kitabu kimekwisha chapwa na wazee wa inivesite wamekisoma, na umebakiza siku chache tu usimame mbele yao upate udokta. Simama. Lakini waambie ile sura ya sufuria ina uongo, na mwenye uongo ni bibi yako. Wakikasirika, wakasirike. Wakikurudisha mwaka moja, utarudi mwaka moja, umri unao. Mimi Jumamosi nitakalia kile kiti, na nitasema haya yote mbele ya Francine na komite zote, kwa majina, na upawa, na matembele. Ukiwa umefika, utakaa karibu yangu, na usinishike mukono, na usiongeze maneno ya kulainisha. Usipofika, nitasema peke yangu. Na mwambie yule mama wa miwani aache kuuliza komite nani anastahili. Aulize kwanza ni nani anakaa kwenye avenue hii na hamujui jina lake. Hao njo waandikwe juu kabisa ya orodha.

Bado moja. Pélagie yuko hai. Anakaa Lokandu, anauza samaki wa kukausha. Nimelijua hilo miaka sita na nilinyamaza. Jumapili nilimutuma Fifi, yule anayenunua samaki kule, amupelekee salamu zangu na amweleze ninachotaka kusema. Nilimuomba aje, akalie kiti mahali pangu. Fifi amerudi leo asubuhi. Anasema Pélagie alisikiliza yote huku anageuza samaki kwenye moshi, hakulia, hakutukana. Akajibu kwamba hatakuja. Hana haja ya kuvuka mto kwenda kutazama muzee akilia. Lakini kama kuna karatasi inaandikwa, basi iandikwe vizuri, maana siku alipomuzika mutoto wake, alizika na wapita njia wawili, na hakuna muntu wa avenue yetu aliyeuliza anaitwa nani.

Anaitwa Florentin. Alikuwa na miaka ine na miezi mitatu. Usiandike "mutoto wa mukimbizi", mama yake amekataza. Andika Florentin.

Nimemaliza, vidole havishiki tena. Barua anakuletea Mamy, anapanda gari la Lubutu kesho, umulipe chakula cha njiani, ana watoto. Jamila anakusalimia, watoto wanakusalimia, yule wa mapengo anataka umuletee mupira. Nisalimie wenye nyumba unapolala, na uwaombe radhi kwa kikohozi chako. Mungu akufikishe salama, na akupe moyo wa kusoma mistari hii mara mbili.

Ni mimi bibi yako niliyekulea,

Zainabu binti Ramazani